Anachopima Daktari, Anachoficha Rubani

Rubani anaweza kuwa na leseni halali, saa 10,000 angani na sifa njema kazini, lakini siku medikali yake, yaani cheti chake cha afya, ikiisha haruhusiwi kugusa usukani wa ndege. Leseni na cheti cha afya hutembea pamoja, na kati ya hivyo viwili ni cheti kinachowanyima marubani usingizi. Mtihani wa kuruka mtu huufanyia mazoezi, na akianguka hurudia. Moyo, figo na akili havina marudio ya namna hiyo. Daktari akiandika kwamba mtu hafai, kazi aliyoisomea kwa mamilioni ya shilingi husimama pale pale, na pengine isirudi tena.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za uchunguzi huu hazifanani na faili la kawaida la hospitali. Mgonjwa huenda kwa daktari ili apone, kwa hiyo ana kila sababu ya kueleza kinachomsumbua. Rubani huenda kwa daktari mtahini akiwa mzima, au akijiona mzima, ili apate cheti. Kila neno la kweli atakalolisema linaweza kumponza. Wahenga walituachia methali kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini hawakuwa wakimfikiria mtu ambaye kutaja maradhi ndiko kunakomkatia riziki, na ambaye kifo kikimuumbua huwa hayuko peke yake.

Nashikilia kwamba mfumo huu, uliojengwa kwa zaidi ya miaka mia moja, umekuwa hodari wa kuandika kile ambacho chombo kinaweza kukipima, na umebaki dhaifu katika kile ambacho hakuna anayekijua ila mwenye mwili. Udhaifu huo hauzibwi kwa kuongeza vipimo wala vitisho.

Tuanze na jinsi karatasi zenyewe zinavyokwenda. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Paris wa 1919 ulikwisha kuweka masharti ya afya kwa watu wanaoendesha ndege. Marekani ilipoanza kutoa leseni za kitaifa, mwezi Februari 1927 ilitangaza orodha ya madaktari 57 wa binafsi waliokubaliwa kupima marubani. Muundo uliozaliwa siku zile ndio tulio nao hadi leo: anayepima yuko kliniki, anayetoa leseni yuko ofisini mbali, na kinachowaunganisha ni fomu. Mamlaka haimwoni rubani. Inaiona karatasi.

Masharti ya sasa yamo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kilichopitishwa mara ya kwanza mwaka 1948 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limegawa tathmini za afya katika madaraja. Daraja la Kwanza ni la marubani wa biashara na wa mashirika ya ndege, la Pili ni la rubani binafsi na baadhi ya wengine wa chumba cha marubani, na la Tatu ni la waongoza ndege. Cheti cha Daraja la Kwanza kwa kawaida hudumu miezi 12. Hupungua hadi miezi sita kwa rubani aliyetimiza miaka 60, na pia kwa aliyetimiza miaka 40 ambaye hubeba abiria kibiashara akiwa peke yake kwenye usukani. Rubani binafsi wa chini ya miaka 40 anaweza kukaa miezi 60 bila kurudi kwa daktari.

Ndani ya chumba cha daktari mambo mengi yana namba. Kila jicho lisome 6/9 au zaidi, na yote mawili kwa pamoja 6/6. Anayehitaji miwani aivae kazini na awe na ya akiba mahali pa kuifikia upesi. Masikio hupimwa mtu akiwa amevaa visikizio katika chumba kimya, akibonyeza kitufe kila asikiapo mlio mwembamba. Upungufu haupaswi kuzidi desibeli 35 katika masafa ya hezi 500, 1,000 na 2,000, wala desibeli 50 katika hezi 3,000. Rangi huchunguzwa kwa kurasa zenye namba zilizofichwa katikati ya vitone. Umeme wa moyo hupimwa mara ya kwanza mtu aombapo, na akipita miaka 50 hupimwa kila mwaka. Yote haya huingia kwenye fomu kama yalivyo, na mthamini wa mamlaka, ambaye naye ni daktari, anaweza kuyalinganisha na ya mwaka jana, akaona kwa mfano kwamba sikio la kushoto linapoteza kidogo kidogo sauti za juu.

Fomu hiyo hiyo ina sehemu nyingine, isiyo na chombo. Mwombaji hujaza mwenyewe historia yake. Je, amewahi kuzimia? Amewahi kupata degedege, kisukari, maumivu ya kichwa yasiyokwisha? Amewahi kutibiwa ugonjwa wa akili? Anatumia dawa gani? Amemwona daktari gani mwingine, na kwa nini? Fomu ya Marekani inataka ataje kila mtaalamu wa afya aliyemwendea katika miaka mitatu iliyopita. Kisha anatia saini, na sheria inamtaka mtahini aripoti kwa mamlaka akigundua kwamba maelezo hayo ni ya uongo. Kwa vipofu wa rangi kuna kurasa za vitone. Kwa mtu aliyelia usiku kucha wiki nzima hakuna ila visanduku viwili, ndiyo na hapana.

Kwa haki, hata upande wenye namba una mipaka yake, na ilionekana mapema. Tarehe 18 Juni 1972 ndege aina ya Trident ya shirika la BEA la Uingereza ilianguka Staines dakika chache baada ya kuruka kutoka Heathrow, wakafa wote 118. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba kapteni, mwenye miaka 51, alikuwa na ugonjwa mkubwa wa mishipa ya moyo, na tume iliyochunguza ajali ikaona kwamba hali hiyo ilichangia kumvurugia umakini katika dakika zile. Vipimo vyake vya kawaida vya umeme wa moyo, vinavyofanywa mtu akiwa amelala ametulia, havikuwa vimeonya.

Katika miaka iliyofuata wataalamu, hasa wa Uingereza, waliacha kutafuta rubani asiyeweza kuugua na kuanza kujiuliza ni hatari kiasi gani inayovumilika. Jibu lao linaitwa kanuni ya asilimia moja, na inafaa kuielewa kwa sababu maamuzi mengi yanaiegemea. Mwaka una saa 8,760, tuseme 10,000. Rubani mwenye uwezekano wa asilimia moja kwa mwaka wa kuzidiwa ghafla ana uwezekano wa takriban mara moja katika saa milioni moja. Kuruka na kutua, ambako ndiko kwenye hatari, huchukua kama sehemu moja ya kumi ya safari fupi. Na pale rubani mmoja azidiwapo, majaribio ya kwenye mashine za kuigiza urukaji yaliashiria kwamba mwenzake hushindwa kuiokoa ndege kama mara moja katika mia. Zidisha, unapata ajali moja katika saa bilioni moja.

Kwa hesabu hiyo watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo wamerudi kazini, kwa sharti lililoandikwa kwenye cheti kwamba waruke na mwenzao mwenye sifa kamili. Ni maendeleo makubwa ya kibinadamu na ya kisayansi. Lakini tazama kiungo cha mwisho cha hesabu: kinategemea kuwapo kwa rubani wa pili. Safari nyingi za abiria katika ukanda wetu, kwenda mbuga za Serengeti na Maasai Mara au visiwani, hufanywa kwa ndege ndogo za injini moja kama Cessna Caravan, mara nyingi zikiwa na rubani mmoja tu. Hapo kiungo hicho hakipo. Nadhani hili halizungumzwi vya kutosha, na ndilo linalofanya ukweli wa fomu uwe na uzito zaidi Arusha kuliko Frankfurt.

Hesabu ile ilikuwa na dhana nyingine iliyofichika: kwamba rubani atakayeshindwa atazidiwa bila kutaka, na mwenzake atakuwa huru kumsaidia. Tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya shirika la Msumbiji, LAM, safari namba 470 kutoka Maputo kwenda Luanda, ilianguka katika hifadhi ya Bwabwata nchini Namibia. Watu wote 33 walikufa. Rubani msaidizi alikuwa ametoka kwenda msalani, kapteni akabaki peke yake, na wachunguzi wa Namibia walihitimisha kwamba yeye ndiye aliyeishusha ndege kwa makusudi, huku mlango ukigongwa kwa nguvu kutoka nje. Afrika ililipata onyo hili kwanza. Dunia ililisikia miezi 16 baadaye, lilipotokea Ulaya.

Safari ya Germanwings 9525 ya tarehe 24 Machi 2015, kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf, iliishia kwenye mlima wa Alpi nchini Ufaransa na watu 150. Nimeisoma taarifa yake kama hadithi ya faili, maana ndivyo ilivyo. Rubani msaidizi, Andreas Lubitz, alipewa cheti cha Daraja la Kwanza mwezi Aprili 2008. Mwaka huo huo alipatwa na sonona kali, akasimamisha mafunzo na kutibiwa. Cheti hakikuhuishwa mwezi Aprili 2009. Kilirudishwa Julai mwaka huo kikiwa na alama ya msamaha wenye masharti, kwamba ugonjwa ukirudi hakitakuwa na nguvu. Baada ya hapo kilihuishwa mwaka hadi mwaka, na madaktari watahini waliijua historia yake. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba karatasi hazikuwapo. Zilikuwapo, na ziliandikwa vizuri.

Mwezi Desemba 2014, medikali yake ikiwa bado ina miezi mingi, dalili zilirudi. Alizunguka kwa madaktari wa binafsi kadhaa. Wiki mbili kabla ya ajali mmoja wao alipendekeza alazwe hospitali ya magonjwa ya akili. Aliandikiwa mapumziko, lakini karatasi za mapumziko hazikufika kwa mwajiri. Waendesha mashtaka walikuta nyumbani kwake zilizochanwa, mojawapo ikiihusu siku ile ile ya ajali. Madaktari wale hawakutoa taarifa kwa mamlaka. Sheria ya Ujerumani iliwabana juu ya siri za mgonjwa, na mipaka ya lini wanaruhusiwa kuivunja haikuwa wazi.

Katika taarifa ya wachunguzi wa Ufaransa kuna jambo moja dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko mengine. Rubani huyu alikuwa amekopa takriban euro 41,000 kulipia sehemu yake ya mafunzo. Katika barua pepe ya Desemba 2014 aliandika kwamba ile alama ya msamaha kwenye cheti chake ilimkwamisha kupata bima ya kupoteza leseni. Yaani kumbukumbu iliyowekwa ili kuwalinda abiria ndiyo iliyomfungia mlango wa kuacha kazi bila kufilisika. Hilo halimwondolei hatia hata chembe. Linatuonyesha tu kwamba maandishi kwenye cheti hayakai kimya. Yanaingia benki, yanaingia kwa wakala wa bima, yanaingia kwenye bajeti ya nyumba, na rubani anayajua yote hayo anaposhika kalamu mbele ya kile kisanduku cha ndiyo na hapana.

Marekani imejaribu sana njia ya ukali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika operesheni iliyoitwa Safe Pilot, majina ya marubani wapatao 40,000 wa kaskazini mwa California yalilinganishwa na orodha ya watu wanaolipwa mafao ya ulemavu. Wapo waliokutwa wakiiambia ofisi moja kwamba ni wagonjwa wasioweza kazi, na ofisi nyingine kwamba ni wazima kabisa. Makumi kadhaa walishtakiwa. Miongoni mwao alikuwamo Stanmore Cooper, rubani binafsi aliyeficha kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Alikiri kosa, akapewa kifungo cha nje na faini. Kisha akaishtaki serikali kwa ofisi zake kupeana siri zake kinyume cha sheria ya faragha. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 2012 majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba sheria ile haimlipi mtu kwa maumivu ya moyo, hata kama siri zake zimevujishwa.

Ukali ulizaa nini? Mwaka 2023 mamlaka ya Marekani ilikuwa bado inawachunguza marubani karibu 5,000 waliokuwa wanajeshi zamani kwa kosa la aina ile ile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwauliza marubani 3,765 wa nchi hiyo, na asilimia 56.1 walisema wamewahi kukwepa huduma ya afya kwa kuhofia cheti chao. Zaidi ya robo walikiri kuficha au kupotosha jambo kwenye fomu. Kisha tarehe 22 Oktoba 2023 rubani aliyekuwa mapumzikoni, amekaa kiti cha ziada cha chumba cha marubani katika safari ya kwenda San Francisco, alivuta vishikio vya kuzima moto wa injini kabla wenzake hawajamzuia. Alikuwa amekula uyoga wa kulevya siku mbili nyuma, na baadaye alieleza kwamba alikuwa na sonona na aliogopa kuanza dawa asije akazuiwa kuruka. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 13 tangu mamlaka iruhusu, kwa masharti, dawa nne za sonona. Mlango ulikuwa wazi, ila foleni yake ilikuwa ndefu na ya gharama, na marubani walishaambiana kwamba usipite humo.

Ulaya baada ya Germanwings ilichanganya mambo. Kanuni zake za 2018, zilizoanza kutumika 2021, zinataka rubani apimwe hali ya akili kabla ya kuanza kurusha ndege za shirika, na kila shirika liwe na mpango wa marubani kusaidiana, ambapo mtu humweleza mwenzake aliyefundishwa, kwa siri, kabla jambo halijawa la faili. Sambamba na hayo ilianzishwa hazina ya pamoja ya taarifa za vyeti vya Daraja la Kwanza, ili aliyekataliwa nchi moja asikimbilie ya pili akajifanya mgeni. Kinachonipendeza hapo ni kwamba hazina hiyo inamwambia mtahini cheti kimefikia hali gani, nani alikitoa, na kama kuna kukataliwa; haimwagi matokeo ya vipimo na maradhi ya mtu mbele ya kila mwenye nywila.

Afrika Mashariki inaweza kufanya vivyo hivyo bila kuanzia sifuri. Jumuiya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, ulioanzishwa 2007 na wenye makao Entebbe, ambao kazi yake mojawapo ni kuoanisha kanuni za nchi wanachama. Marubani wetu huhama kati ya Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe kufuata kazi, na faili lao lisipohama nao kwa utaratibu, mtahini mpya huanza na kile tu mwombaji atakachoamua kukisema. Ulinzi wa kisheria upo pia. Kenya na Uganda zilipata sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria ya Kenya ya 2006 na ya Tanzania ya 2008 zinalinda usiri wa hali ya mtu, na ICAO yenyewe hairuhusu jibu la mkato: mwenye virusi akichunguzwa vizuri na kuonekana kwamba hali yake haiwezi kuathiri usalama, anaweza kupewa cheti.

Shida yetu iko chini ya sheria, kwenye kaunta. Fomu hukaa kwenye meza ya mapokezi, jina juu. Matokeo hutumwa kwa simu ya mtu. Mwajiri aliyelipia kipimo hudhani amenunua na majibu. Kiambatisho cha Kwanza kinasema wazi kwamba siri ya kitabibu iheshimiwe wakati wote, kumbukumbu zifungiwe, na mthamini wa mamlaka ndiye aamue ni kiasi gani cha habari kiwafikie maofisa wengine. Mwajiri anastahili kujua mambo mawili tu: kama rubani wake anafaa, na kwa masharti gani. Ofisi ya rasilimali watu haina haja ya kujua jina la dawa anayomeza.

Katika jumuiya ndogo kama zetu, ambako kapteni, daktari na ofisa wa leseni pengine husali msikiti mmoja au walisoma shule moja, uvujaji mmoja hutosha. Marubani wakishasikia kwamba siri ya mwenzao ilizungumzwa kwenye chai ya hanga, fomu zote zitakazofuata zitajaa hapana kuanzia juu hadi chini, na mamlaka itakuwa na faili nadhifu lisilo na habari.

Mengi ya kurekebisha haya yanahitaji fedha, mitambo na vikao vya mawaziri. Bima ya kupoteza leseni haihitaji hayo yote. Mashirika na vyama vya marubani wanaweza kuiingiza kwenye mikataba ya kazi kuanzia majadiliano yajayo, ikimhusu kila rubani tangu siku ya kwanza, magonjwa ya akili yakiwamo na waliowahi kupewa msamaha wakiwamo. Waendeshaji wa ndege ndogo za rubani mmoja ndio wangetangulia, kwa sababu kwao hakuna mtu wa kiti cha pili wa kufidia kile ambacho fomu haikusema.